Nilifunga Turubai Nikiwa Hai

Kama wewe ni mwanamume wa umri wangu na siku hizi unakaa chooni muda mrefu kuliko mezani, soma haya. Kama ni mke wake, msomee kwa sauti, maana yeye atakwambia hana miwani. Naitwa Makoye, nina miaka sitini na minane, naishi Nyakato hapa Mwanza. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilifanya kazi kwenye kivuko cha Kigongo na Busisi: kufunga kamba, kupanga magari, kushusha ule mlango wa chuma na kuupandisha. Sasa kuna daraja, watu wanavuka bila kulowa. Sina kinyongo nalo. Nasema tu ujue kwamba nilikuwa mtu wa kuamrisha malori, na ugonjwa ulionipata haukujali hilo hata kidogo.

Ilikuwa tezi dume, ile aina mbaya. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa hodari wa kuwaambia wenzangu methali hiyo huku mwenyewe nikificha. Mkojo ulikuwa unatoka kwa matone. Mke wangu Kabula alipouliza, nilimwambia ni baridi ya ziwa, imenikaa kiunoni tangu enzi za kivuko. Nilikunywa mizizi ya kila aliyenipa mizizi. Mwaka mzima ulipita hivyo.

Mvua za kwanza za kupandia zilipoanguka, tulikwenda shambani, na huko mkojo ukagoma kabisa. Kufika adhuhuri tumbo lilikuwa limejaa na kukaza kama ngoma, na nilikuwa nimelala kwenye tuta nikimwita mama yangu, ambaye amekufa siku nyingi. Kabula akampigia simu Shija, mwanangu, fundi mitambo kwenye kiwanda kimoja hapahapa Nyakato. Alikuja na gari la kuazima wakanipeleka hospitali ya rufaa. Muuguzi mmoja, binti wa umri wa mjukuu wangu, alinivua suruali bila kunipa nafasi ya kubishana, akanipitishia mpira wa kutolea mkojo. Nimewahi kupewa zawadi nyingi maishani, lakini sijawahi kushukuru kama nilivyomshukuru yule binti. Kabula aliutazama mfuko unavyojaa, akasema, "Baridi ya ziwa hiyo, imejaa lita nzima."

Nilirudi nyumbani na mpira, na mfuko wa mkojo umefungwa pajani. Nilikaa nao miezi mingi. Nilivaa koti langu refu la kazi hata kwenye joto, nikidhani nimeuficha, kumbe mtaa mzima ulijua.

Kisha yakaanza mabenchi. Siku zile niliyajua mabenchi ya hospitali kuliko nilivyojua viti vya nyumbani kwangu. Benchi la kadi, benchi la damu, benchi la kukatwa kinyama cha kupima, benchi la kungoja majibu ya hicho kinyama. Kwenye kliniki yetu wanaume tulikaa tumeinamisha vichwa, na ukimuuliza mwenzako kilichomleta, atakwambia ni macho. Aliyetutoa aibu ni mzee mmoja Mjita kutoka ng'ambo ya Mara, anaitwa Magesa, mvuvi mstaafu. Alifunua koti akatuonyesha mfuko wake, akasema, "Ndugu zangu, mimi macho yangu yako huku chini." Tulicheka mpaka muuguzi akatoka kutukemea. Tangu siku hiyo nilimtafuta kila nilipofika, na aliyetangulia alimwekea mwenzake nafasi kwa kofia.

Majibu yalitoka karibu na Krismasi. Daktari aliongea taratibu. Nilichokamata ni kwamba ni kansa, kwamba haijaenda mbali, na kwamba matibabu yatachukua mwaka na ushee. Sindano kila baada ya miezi mitatu, kisha mionzi. Kabula aliuliza maswali yote. Mimi nilikuwa nikitazama kalenda ukutani, nikisoma jina la mwezi mmoja tu.

Sindano ya kwanza nilichomwa Januari. Watu hawakwambii mapema kuhusu sindano zile, kwa hiyo nakwambia mimi. Joto litakupanda kutoka tumboni hadi kichwani ukiwa umekaa kimya kanisani, na jasho litatiririka. Kifua kitalainika. Nguvu za kiume zitaaga. Utalia kwa sababu ya mambo ya ajabu. Mimi nililia waliposoma bei ya pamba redioni. Kabula, ambaye joto la namna hiyo lilimpita zamani, alinikabidhi upepeo wake akasema karibu chamani. Nilikasirika siku mbili, halafu nikauchukua ule upepeo.

Sindano ya pili ilikuwa katikati ya masika. Nilifika kliniki, nikaweka kofia kando yangu. Magesa hakuja. Muuguzi alinieleza kwamba amefariki wiki iliyopita, na kwamba hata kuzikwa bado, kwa kuwa ndugu zake na watoto wake wanabishana azikwe wapi na nani abaki kwenye nyumba. Mkewe alikuwa amekaa nje ya chumba cha maiti siku ya nne, hana wa kumuuliza.

Nilichomwa sindano yangu, nikarudi nyumbani, lakini mawazo yangu yalikuwa kwenye kivuko. Lazima nikueleze jambo ambalo wafanyakazi wa kivuko tunalijua. Sisi tulivusha maiti wote waliokuwa wanapelekwa kuzikwa ng'ambo. Magari ya msiba tuliyapa nafasi ya mbele, na nusu saa ile majini tulisikia kila kitu. Nimeona ndugu wakivutana mashati mbele ya jeneza. Na kuna mama mmoja sijamsahau. Asubuhi alivuka na jeneza la mumewe, amekaa kwenye gari la mbele na watu wanamshika mikono. Jioni ya siku ya tatu alirudi peke yake, kwa miguu, amejitwisha godoro. Alikuwa mke wa pili, hakuzaa. Nilimsaidia kulitua lile godoro na sikumwuliza kitu, maana nilikuwa nimeshaelewa.

Sasa sikiliza. Kabula ni mke wangu wa pili. Mama yake Shija alifariki mtoto akiwa na miaka minne, na Kabula ndiye aliyemlea, lakini tumboni kwake Mungu hakuleta mtoto. Nyumba yetu ya Nyakato tofali zake nyingi alizifyatua yeye, akitoka kuuza dagaa sokoni Mirongo. Karatasi za nyumba zina jina langu peke yangu. Miaka yote nilijua jambo hili na nikalipita kimya. Siku ile ya sindano ya pili niliogopa, na sikuogopa kufa. Niliogopa lile godoro.

Nikaanza kusema. Nilimwita Shija nikamwambia nataka tuandike mambo ya nyumba na mazishi. Alisimama kabla sijamaliza, akasema, "Baba, usijichurie, utapona," akaenda kutazama tairi la gari ambalo halikuwa na tatizo. Mara ya pili alinikatisha kwa habari za mechi. Mara ya tatu hakuja kabisa. Nikampigia dada yangu Mbuke, anayekaa Busisi. Huyo ndiye mkubwa wetu, mdomo wake unafika ng'ambo bila daraja. Alisema anayetaja kaburi lake amelichimba, na kwamba nyumba ni ya ukoo, isiandikwe ovyo na mtu mwenye homa. Nilimwambia sina homa. Alisema sauti yangu ina homa.

Nilikasirika kweli. Nikaandika mwenyewe, ukurasa mmoja, kwa mwandiko wangu wa kuandikia namba za malori. Kisha nikatuma ujumbe kwa Mbuke, wazee wawili wa ukoo na Shija: Jumamosi saa nane mje kwangu, kuna kikao. Kwa kuwa ilikuwa masika na sebule yetu ni ndogo, nikampigia kijana anayekodisha turubai na viti, nikamwambia aje afunge uani asubuhi. Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hilo asingelifanya mtu mwenye akili zake kamili. Kabula hakujua, alikuwa ameshatangulia Mirongo kwenye dagaa zake.

Nadhani unaelewa kinachotokea mtaani kwetu watu wakiona turubai linafungwa Jumamosi asubuhi, bila muziki, kwenye nyumba yenye mgonjwa. Hakuna anayeuliza. Aliyeuliza alimwuliza kijana wa turubai, naye akajibu ukweli: ni kwa Mzee Makoye.

Mimi nilikuwa nimelala chumbani, sindano zilikuwa zimeninyonya nguvu. Nikasikia kuni zinatupwa uani. Nikasikia sufuria. Baadaye kidogo nikasikia kwaya ya kanisani kwetu inaimba, na wimbo wenyewe naujua, ni wa kumsindikiza marehemu. Nikajiuliza masikini nani amefariki jirani hapa, tena mbona sikuambiwa. Ndipo mwinjilisti akaanza kuomba, akamshukuru Mungu kwa maisha ya mtumishi wake Makoye.

Niliamka, nikavaa koti, nikashika mfuko wangu mkononi kwa sababu sikuwa na muda wa kuufunga, nikafungua mlango wa uani. Wanawake zaidi ya ishirini walikuwa wamejifunga kanga viunoni. Jirani yetu Mama Neema, aliyekuwa anachochea moto, alikaa chini palepale kwenye majivu. Kwaya ilikatika katikati ya neno. Mbele kabisa alisimama kijana mmoja mwenye jembe, amekuja kuuliza kaburi litachimbwa wapi. Yeye peke yake ndiye aliyekumbuka adabu.

"Shikamoo, mzee," akasema.

"Marahaba," nikajibu. "Karibuni mkae."

Hawakukaa. Wengine walicheka kwa hofu, wengine walinigusa mkono kuona kama una joto. Mama Neema alirudia kusema wabeja, wabeja, kumshukuru Mungu kwa Kisukuma, huku majivu yamemjaa hadi usoni. Nilikuwa bado nawaeleza habari ya kikao Shija alipoingia getini na ovaroli la kiwandani. Mtu alikuwa amempigia simu. Aliniona, akaja moja kwa moja, akaniangukia kifuani. Mwanangu ana miaka arobaini na ana watoto watatu, na alilia kwa sauti mbele ya mtaa mzima. Mimi nilimshika kichwa kama nilivyomshika siku tuliyomzika mama yake. Mpaka hapo nilikuwa nadhani ananikwepa kwa sababu anaitaka nyumba. Nasema wazi, nilimdhania hivyo mwanangu mwenyewe, na ninaona aibu hadi leo.

Alipotulia alisema, "Baba, hiyo karatasi iko wapi? Njia nzima nilikuwa najilaumu, nilikataa kukusikiliza na sasa umeondoka."

Kabula alifika nyuma yake, kiatu kimoja mguuni, kingine sijui kilibaki wapi. Alinitazama, akautazama ule mfuko mkononi mwangu, akavuta kiti cha kukodi akakaa. Nilimwomba radhi, akaniashiria kwa mkono ninyamaze.

Mbuke na wazee walifika saa nane kamili, kama walivyoitwa, wakakuta umati. Dada yangu alisema anajua mimi nitaua watu. Nikamwambia watu wamekuja kunizika, si vizuri kuwarudisha mikono mitupu, basi na wasikie. Ubwabwa ulikuwa unapikwa, mwenyekiti wa mtaa yupo, tena na muhuri wake mfukoni, kwa kuwa alikuja kuandika kibali cha mazishi. Mashahidi namna hiyo huwapati hata ukiwaita kwa barua.

Shija ndiye aliyesoma. Niliandika kwamba nizikwe Busisi kando ya baba yangu, siku ya pili, nisilazwe baridini kungoja watu wamalize ugomvi. Kwamba kama daktari atasema dawa hazisaidii tena, nirudishwe nyumbani, nikae mahali ninapoweza kusikia watu wangu wakiongea. Na kwamba nyumba ya Nyakato ni ya Kabula, asitolewe na mtu.

Mbuke alinyoosha mkono. Alisema hana ubaya na wifi yake, lakini mila ni mila, nyumba hukaa kwa damu, na Kabula hana mtoto.

Shija aliikunja karatasi. "Shangazi," akasema, "mtoto wake ni mimi."

Alisema hivyo tu. Mzee mmoja wa ukoo akaitikia kwa kichwa, na mwenzake naye. Mbuke alitazama wanawake wa mtaa waliokuwa wanamtazama yeye, akarudisha mkono chini. Niseme haki yake: baadaye alisaini bila kulazimishwa, kwa dole gumba, na aliukandamiza vizuri. Mwenyekiti alitoa muhuri uliokuja kunizika, akaugonga kwenye karatasi yangu. Nilijiona nimeshinda. Nilikuwa tayari kuwatangazia watu wakaribie chakula.

Ndipo Kabula akasimama, na kiatu chake kimoja.

"Nimesikia nitakavyoishi akifa," akasema. "Nimeshukuru. Sasa naomba kuuliza." Akanigeukia. "Baba Shija, na usipokufa je?"

Nilikuwa nimepanga kila kitu hadi koti nitakalozikwa nalo, na sikuwa nimepanga hata Jumatatu inayofuata. Tena sikuwa nimemwuliza yeye neno lolote. Nililalamika wiki nzima kwamba hakuna anayenisikiliza, na mtu niliyekuwa nadai kumlinda sikumpa hata nafasi ya kuongea. Alisema yote palepale, polepole, mbele za watu. Kwamba hataki kungoja kaburi ndipo apate nyumba, jina lake liandikwe nikiwa hai. Kwamba nikiumwa nimwambie siku hiyohiyo. Kwamba niache kulala mchana kutwa nikingoja mwisho, nitembee kila asubuhi, nile mboga zake, na nirudi kwenye kikundi cha wastaafu wa kivuko nilichokikimbia kwa aibu ya mpira. Shija alikuwa amegeuza karatasi, anaandika. Hivyo karatasi yangu ikapata ukurasa wa pili, mrefu kuliko wa kwanza, na mwenyekiti akagonga muhuri na huko.

Tulikula ubwabwa wa msiba wangu. Ulikuwa mzuri, ila umepungua chumvi.

Kiangazi kilikuwa cha mionzi. Wiki saba, siku tano kila wiki, unalala juu ya meza baridi mashine inakuzunguka, humwoni mtu. Kabula alikaa nje kila siku, akisuka vikapu. Tumbo liliniharibika, ngozi ikaungua, kuna siku nilisema siendi tena. Shija alinikumbusha kwamba ukurasa wa pili nimeusaini. Benchini nilianza kufanya kazi ya Magesa. Mgeni akikaa ameinamisha kichwa, nafunua koti namwonyesha mfuko. Nao walicheka, na waliocheka waliongea.

Mionzi ilipokwisha, mpira ulitolewa. Nilikaa saa mbili nikinywa maji, nikaingia chooni, nikasimama. Ulitoka wenyewe, kwa nguvu, na kelele. Nilimwita Kabula aje mlangoni asikilize, akaja, akasikiliza, akapiga kigelegele kimoja kirefu ambacho wagonjwa wa kliniki nzima walikisikia. Sindano ziliendelea hadi mvua zikarudi. Mwaka huu, mahindi yalipokuwa yanatoa mbelewele, daktari aliangalia kipimo cha damu mara mbili, akasema sina haja ya kumwona kabla ya miezi sita. Wiki hiyohiyo nililivuka daraja kwa miguu, mwanzo hadi mwisho, nikiwa na wastaafu wenzangu, tukisimama kila mara kuonyeshana pale kivuko kilipokuwa kinageuka.

Kwa hiyo nakushauri, wewe unayesoma. Nenda kapime. Andika ukurasa wa kwanza mapema, ukiwa na nguvu za kushika kalamu, usome mbele ya watu wengi, maana siri ya wosia ndiyo inayofungua ugomvi. Kuuandika hakutakuua. Mimi nilisomewa sala za mwisho na nimenenepa kilo nne. Lakini usiishie hapo. Mwulize mkeo, waulize wanao, kisha andikeni pamoja ukurasa wa pili. Na kama mtaani kwenu ni kama kwetu, kikao kifanyie sebuleni.

Hati yenye jina la Kabula imetoka mwezi uliopita. Tulikwenda pamoja ofisi ya ardhi, tukakaa benchi jingine, na hili sikulichukia. Karani alitupa hati mpya yenye majina mawili. Kabula aliisoma jina kwa jina, kidole kikifuata herufi, akairudia tangu juu, kisha akaiweka kwenye mkoba na kuufunga zipu. Tulipotoka nje nilimwuliza kama sasa ameridhika.

"Sasa nina nyumba," akasema. "Na katika nyumba yangu hafi mtu bila kuniomba ruhusa."

Sijaomba.